Labo kwa kikundi kichanga Lubumbashi: chuoni, kwa watu wa madini, nyumba ya pamoja, au kutuma nje?

Mawazo hapa Lubumbashi hayakosekani. Yuko anayetaka munkoyo, kile kinywaji cha uji uliochachuka, yenye ladha ileile kila siku, isiyo tamu leo na kali kesho. Yuko anayetaka kuzalisha mbegu za uyoga, mwingine anataka kuotesha kikanda, okidi ya kuliwa viazi vyake, ndani ya chupa kabla viazi vyake havijaisha porini, mwingine ana bakteria wa kusaidia maharagwe kujitafutia naitrojeni. Wote hukwama palepale: labo. Na hawaombi makubwa. Wanataka meza safi, njia ya kuua vijidudu, baridi isiyokatika, na ufunguo wa kuingia Jumapili.

Kikundi kisicho na pesa kina njia nne: kuomba meza chuoni, kukodi kona kwenye labo ya kuchambua madini, kuungana na wengine mkapanga nyumba, au kufanya kidogo hapa na kutuma kilichobaki nje. Wengi huzilinganisha kwa bei ya mwezi. Mimi napima kwa bei ya jaribio moja lililofika mwisho, maana lililokatika katikati umeshalilipia lote na halikukupa chochote.

Hesabu kwanza

Tuchukue namba za mfano, kila mtu ataweka zake. Jaribio moja linakula dola 80 za vitendanishi na vyombo vya kutupa. Chuoni hulipi kodi, lakini umeme, ratiba na foleni ya mashine vinakufanya umalize jaribio moja kati ya matatu. Ukijaribu mara sita kwa mwezi, umetumia dola 480 kupata matokeo mawili, yaani dola 240 kila moja. Kwenye nyumba ya pamoja, tuseme kodi, mlinzi, mafuta na matengenezo vinafika dola 1,500 kwa mwezi, na mko vikundi vitano, kila kimoja 300. Majaribio sita yatakugharimu 780, na matano yakifika mwisho, kila moja limekusimamia dola 156. Cha bure kimekuwa ghali.

Punguza majaribio yawe mawili kwa mwezi, hesabu inageuka. Nyumba inakutoza dola 276 kwa kila jaribio lililokamilika, chuo kinabaki 240. Kwa namba hizi mpaka uko kwenye majaribio mawili na nusu. Halafu kikundi kimoja kikihama, kila aliyebaki analipa 375, na yule anayejaribu mara tatu, ambaye alikuwa anapata kwa 216, sasa anapata kwa 246. Ndiyo maana kabla ya kwenda kuona labo yoyote ningetaka kikundi kikae chini kiseme kweli: mwezi ujao tutajaribu mara ngapi? Wanaoanza hutaja namba kubwa mno.

Meza chuoni

Chuo kinakupa watu kwanza, mashine baadaye. Kitivo cha kilimo cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa mfano, kimefanya kazi miaka mingi na vyuo vya Ubelgiji juu ya mimea inayovumilia shaba, pamoja na kupanda nyasi iitwayo Microchloa kunthii ili kufunika udongo wa Penga Penga, mtaa ulio upande ambao upepo ulikuwa ukipeleka moshi wa tanuru ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mtu aliyeshika udongo huo kwa mikono yake atakuokolea miezi mingi kwa maongezi ya nusu saa. Hakuna kodi inayonunua hilo.

Barua yenye mhuri wa chuo pia ina kazi yake. Muuzaji wa vitendanishi wa nje hapendi kutuma kemikali kwenye anwani ya parsele ya mtu binafsi, na forodha nayo huuliza maswali. Ukiagiza kupitia idara, mzigo una mwenyewe anayeeleweka.

Ubaya unajulikana. Wakati wa mazoezi ya wanafunzi meza si yako. Mitihani ikifika, labo inafungwa. Ufunguo anao mtu mmoja, na siku akiwa na msiba, chembe zako zinangoja mpaka matanga yaishe. Halafu kuna jambo ambalo watu huliona aibu kulitaja: matokeo ni ya nani? Asistanti aliyekusaidia atataka jina lake kwenye makala, na ni haki yake. Lakini je, anataka na sehemu ya kampuni? Andikeni karatasi moja kabla ya kuwasha mashine ya kwanza. Kwa Prof unayemheshimu ni vigumu kulianzisha, kwa hiyo mpe yeye mwenyewe aandike rasimu. Mara nyingi atakuwa mwungwana kuliko ulivyoogopa.

Kona kwa watu wa madini

Njia hii iko Lubumbashi zaidi kuliko Goma au Bukavu, na ajabu yake ni kwamba watu wa biolojia huisahau. Mji umejaa labo zinazopima shaba na kobalti. Zina grupu kubwa la umeme linalowaka lenyewe, mizani ya usahihi, maji yaliyosafishwa, spektromita, na wafanyakazi waliozoea kuandika kila sampuli kwa namba. Nidhamu hiyo ya daftari, ukiwa umetoka chuoni, itakushangaza.

Kama kazi yako inagusa metali, usitafute mbali. Kikundi kinachojaribu bakteria wa kuyeyusha madini, akina Acidithiobacillus ferrooxidans wanaoishi kwenye asidi na kula chuma, kinahitaji kujua kila siku ni shaba kiasi gani imetoka kwenye jiwe. Kipimo hicho kipo hapohapo, unalipa kwa sampuli. Wanaopima mboga za bustani zilizo karibu na machimbo vilevile.

Kwa kuotesha kitu hai cha kawaida, hapana. Vumbi la mawe lililosagwa linaingia kila mahali, na shaba ni sumu ya vijidudu. Ndiyo maana hunyunyiziwa mashambani kuua kuvu. Mvuke wa asidi unakula vyuma vya inkubeta na kuharibu ubao wake wa umeme. Isitoshe utaonyeshwa hoti na kuambiwa, "Hii hapa, fanyia kazi yako."

Hapo simama. Kuna masanduku matatu ya kioo yanayofanana kwa macho. Hoti ya kemikali inavuta hewa ya chumba kuelekea ndani na kuitupa nje: inamlinda mtu, lakini inamwagia kazi yako vumbi lote la chumba. Sanduku la hewa safi la watu wa mimea linasukuma hewa iliyochujwa kutoka ndani kuja usoni kwako: linalinda chupa ya kikanda, halikulindi wewe. Kabati la usalama wa kibayolojia la daraja la II linafanya yote mawili, na ndilo ghali. Kujua liko lipi mbele yako, chukua ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, ushike kwenye mdomo wa sanduku likiwa limewashwa. Ukivutwa ndani, si sanduku la hewa safi, uliza zaidi. Ukipepea kuja kwako, usiweke humo damu wala makohozi ya mtu hata siku moja.

Nyumba ya pamoja

Nje huko mfano unaotajwa sana ni LabCentral ya Cambridge, Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 2013. Ni jengo la kifahari, na ukilitazama kwa macho ya hapa utakata tamaa. Tazama badala yake Genspace ya Brooklyn, iliyoanza kwa vifaa vya mitumba na michango, au La Paillasse, ambayo mwaka 2011 ilianzia kwenye jengo lililokuwa limekaliwa bila kodi nje kidogo ya Paris. Hao walianza na meza na frigo. Ila kitu kimoja cha LabCentral kinafaa kuigwa hata na maskini: kinachogawanywa pale si mashine peke yake. Vibali, taka, kuosha vyombo na usalama vinabebwa na nyumba, mpangaji anabaki na sayansi yake. Nyumba ya pamoja ambayo kila kikundi kinaosha chake na kutupa chake ni kodi ya pamoja tu.

Mahali. Msitafute mtaa ambao upepo wa tanuru unaufikia, wala ukingo wa barabara ya vumbi inayopitwa na malori. Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, vumbi jekundu linaziba machujio na kubeba mbegu za kuvu. Kabla ya kumpa komisionere pesa yake, waulizeni majirani wa avenue hiyo umeme unakatika mara ngapi na kwa saa ngapi, kisha pigeni hodi tena usiku mwone kama walisema kweli.

Maji. Mahali pengi hapa maji ya chini hutoka kwenye mawe ya dolomiti, yana kalsiamu na magnesiamu. Birika lenye ukoko mweupe linakuonyesha hilo. Magnesiamu ndiyo hasa inayosawazishwa kwa uangalifu ndani ya PCR, njia ya kunakili DNA, kwa hiyo maji ya foraji hayaingii humo. Kwa kuoshea yanatosha. Kwa kupikia chakula cha vijidudu, nunueni yaliyotoneshwa.

Umeme ndipo nyumba inapofia. Shauri langu ni kutenganisha joto na baridi. Joto lisiguse umeme kabisa: kuua vijidudu kufanyike kwa gesi au makaa, kwenye sufuria ya presha. Baridi na mwanga viende kwenye jua na betri. Msikubali zawadi ya frigo la nyuzi 80 chini ya sifuri. La zamani hula karibu kilowati-saa 20 kwa siku, na hakuna kikundi kichanga kinachokihitaji hicho chombo. Konjelateri la mfuniko wa juu, la kawaida la dukani, linatosha kwa vimeng'enya. Ukilifungua baridi haimwagiki miguuni kwako. Nafasi tupu jazeni chupa za maji yenye chumvi: yanayeyuka chini ya sifuri, kwa hiyo yanashikilia baridi mahali pa chini zaidi kuliko maji matupu. Na pale panapowezekana nunueni vitendanishi vilivyokaushwa, vinavyokaa kabatini bila frigo.

Kuhusu sufuria ya presha, kuna kosa ambalo karibu kila maelekezo ya intaneti yanawaachia. Yanasema: pauni 15, dakika 15 au 20, nyuzi 121. Yameandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 96, na geji inapima presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, ambayo huku ni ndogo. Pauni 15 za hapa zinakupa nyuzi 119 tu. Ama mpandishe mpaka pauni 17, kama sufuria inaruhusiwa, ama mwongeze muda kwa ukarimu. Na toeni kwanza hewa yote kabla ya kuweka kizito juu ya mdomo. Hewa iliyobaki ndani hupunguza joto bila geji kuwaambia. Ule utepe unaobandikwa kwenye mzigo na kugeuka mweusi unasema tu kwamba kulikuwa na joto. Kujua kama vijidudu vimekufa, mara moja kwa mwezi wekeni kikaratasi cha mbegu za Geobacillus stearothermophilus, bakteria mgumu kufa kwa joto, katikati ya mzigo, kisha mkioteshe. Kikiota, kila mzigo tangu kipimo kilichopita una shaka.

Nani asiingie? Anayeshika damu, makohozi au mizoga ya kuku waliokufa kwa ugonjwa usiojulikana. Nyumba ya namna hii ni ya viumbe visivyomdhuru mtu mzima mwenye afya: chachu, uyoga wa kula, bakteria wa mizizi, mimea ndani ya chupa. Najua kuna watakaosema tunawafungia mlango watu wenye wazo muhimu kuliko yote, vipimo vya magonjwa. Waende hospitalini, kwenye labo yenye kabati la daraja la II, chanjo kwa wafanyakazi na mtu anayejibu kisheria. Ajali moja ya makohozi kwenye nyumba ya kupanga, na avenue nzima itawafukuza, kwa haki.

Na anayetaka kuotesha bowa, yaani uyoga, ya kichuguu? Aingie, lakini aambiwe mapema: uyoga huo, Termitomyces, huishi kwa kulishana na mchwa, na kuiotesha shambani bila mchwa ni ndoto iliyowatoa jasho wengi. Aanze na Pleurotus, ile inayokubali hata maganda ya mahindi, ipate kumlipia kodi.

Kutuma nje

Kusoma DNA si sababu ya kununua mashine. Nairobi, kwenye kampasi ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ndipo lilipojengwa jukwaa la labo la BecA, hasa ili watafiti wa Afrika Mashariki na ya Kati watumie mashine ambazo vyuo vyao haviwezi kununua, na Kongo ni kati ya nchi hizo. Afrika Kusini zipo kampuni zinazofanya kwa bei ya sampuli. DNA iliyokaushwa kwenye karatasi maalumu husafiri kwenye bahasha bila barafu. Kitu hai kinachohitaji barafu kavu ni habari nyingine: inayeyuka kuwa hewa kadiri lori linavyokaa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na foleni ya Kasumbalesa haihitaji kusimuliwa. Tena Kongo iko ndani ya Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kugawana faida za viumbe vya nchi. Mmea au kijidudu cha kwetu hakivuki mpaka bila karatasi zake.

Kwa jicho moja

| | Chuoni | Labo ya madini | Nyumba ya pamoja | Kutuma nje |
|---|---|---|---|---|
| Unalipa nini | Muda na heshima | Kwa sampuli au kona | Fungu la kila mwezi | Kwa sampuli na usafiri |
| Ufunguo | Wa fundi wa labo | Wa kampuni | Wenu | Haupo |
| Umeme | Bahati | Bora kuliko wote | Mnaoujenga wenyewe | Si shida yako |
| Inafaa | Kuanza, kujifunza | Metali, maji, udongo | Chachu, uyoga, mimea ya chupa | DNA, vipimo vya nadra |
| Haifai | Ratiba ya kila siku | Kuotesha vitu hai | Sampuli za wagonjwa | Kazi ya kurudiarudia |

Ningemwambia nani aende wapi

Mtu wa munkoyo simpeleki chuoni, wala sioni sababu ya yeye kusubiri. Mizizi anayotumia mama mpishi ina vimeng'enya vinavyolainisha wanga wa uji, kisha bakteria wanafanya uchachu; kazi yake ni kupika, kuonja, kupima asidi, kutunza chachu, kila siku bila kukosa. Majaribio yake kwa mwezi yanapita kumi. Huyo ndiye mpangaji wa kwanza wa nyumba, na pengine ndiye anayepaswa kuitafuta.

Mtu wa kikanda ni kinyume. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, zinahitaji chakula maalumu, na kuota huchukua wiki nyingi. Anafungua chupa mara chache, ila chupa zikae mahali pasipoguswa. Chuoni panamfaa mwaka wa kwanza, karibu na wataalamu wa mimea, huku akiweka nakala ya kila chupa mahali pengine. Akianza kuwa na chupa za kuuza, ahamie kwenye nyumba ya pamoja.

Bakteria wa maharagwe: nyumba, kwa sharti kwamba wana shamba la kujaribia, la sivyo wanalipia labo kutafuta jibu lililoko udongoni. Bakteria wa kuyeyusha madini: kona ya madini, pasipo mjadala.

Kwa walioamua nyumba, msianze na watano. Anzeni wawili mnaoaminiana, na parsele mnayoweza kuilipa mkiwa wawili. Wa tatu, wa nne na wa tano wawapunguzie mzigo, wasiwe ndio wanaoushikilia. Gawanyeni malipo mafungu mawili. Kodi, mlinzi na betri mlipe sawa, hata mwezi ambao hukuingia. Gesi, maji yaliyotoneshwa na javeli, dawa ya klorini, kila mtu alipie alichotumia, kutoka kwenye daftari linaloning'inia mlangoni na kalamu yake. Taka zote hai zipite kwenye sufuria ya presha au zilowe nusu saa kwenye javeli kabla ya kutoka, na kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja anayelipwa, maana ya wote haifanywi na yeyote.

Mkataba uwe na kurasa mbili. Uandike nani analeta nini na kinabaki cha nani, notisi ya miezi mitatu kwa anayeondoka, garanti inarudi kwa nani, na chupa zilizoachwa zitakaa siku ngapi kabla ya kuharibiwa. Hicho cha mwisho vikundi vingi hukisahau, kisha konjelateri linajaa mirija isiyo na jina ambayo hakuna anayethubutu kuitupa. Kila mrija uwe na jina, tarehe na namba ya simu, kwa kalamu isiyofutika. Usio navyo utupwe Ijumaa ya mwisho ya mwezi, hata kama ni wa mwenye nyumba.